Kazi ya mseto: maana yake, na mahali pake kati ya mipango ya kazi yenye kunyumbulika

Kazi ya mseto ni mpango ambao mtu mmoja, akiwa na kazi ile ile na mshahara ule ule, anafanya kazi siku fulani katika biro ya mwajiri wake na siku nyingine mahali pengine, mara nyingi nyumbani kwake, kufuatana na mapatano ambayo pande zote mbili zinayajua. Kwa Kifaransa inaitwa travail hybride. Mseto ni mchanganyiko: vitu viwili katika sufuria moja, na kila kimoja bado kinaonekana.

Wapendwa wasomaji, tangu mwaka 2020 neno hili limeonekana mara nyingi katika matangazo ya kazi na katika mikataba, hasa ya mashirika na ya kampuni zinazotumia kompyuta. Wengine wanalisikia kama ahadi ya kustarehe. Wengine wanaliogopa, wakidhani ni njia ya kuwaondoa watu kazini polepole. Makala haya yanaeleza maana yake, yanaonyesha mipango mingine iliyo jirani nayo, na yanataja mambo ambayo mfanyakazi na mwajiri wanapaswa kupatana kabla ya kuanza. Maana mpango huu ukikosa mapatano, kinachobaki ni kazi inayomfuata mtu mpaka kwenye meza yake ya chakula, na gharama zake pia.

Mambo matatu yaliyo ndani ya maana hiyo

La kwanza ni mahali. Katika kazi ya mseto mahali pa kazi ni pawili au zaidi, na pamoja na hayo biro haiachwi. Anayefanya kazi nyumbani siku zote, asiye na siku yoyote ya kufika kwa mwajiri, hayumo katika kazi ya mseto. Yake inaitwa kazi ya mbali, au télétravail. Anayekwenda kwenye biro kila siku naye hayumo.

La pili ni utaratibu. Siku zinagawanywa kwa mpango unaojulikana mbele. Mtu aliyebaki nyumbani mara moja kwa sababu mvua imekata barabara, akajibu barua mbili tatu kwa simu yake, hajaingia katika mpango wowote. Amesaidia kazi isisimame siku hiyo, basi.

La tatu ni mapatano. Siku za nyumbani ni siku za kazi kamili, mkuu wa kazi anazitambua, zinahesabiwa na zinalipwa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mwalimu anayesahihisha madaftari usiku nyumbani baada ya kufundisha mchana kutwa hafanyi kazi ya mseto. Anaongeza saa za kazi ambazo hakuna anayeziandika.

Maswali manne ya mipango yenye kunyumbulika

Kazi ya mseto ni tawi moja tu la mti mkubwa zaidi. Mti huo ni mipango ya kazi yenye kunyumbulika, ni kusema mipango yote inayoacha kidogo ile desturi ya watu wote kuingia saa moja, kutoka saa moja, mahali pamoja, siku tano au sita za juma. Ili kujua kila tawi liko wapi, inafaa kuuliza maswali manne: Wapi? Lini? Kwa muda gani? Na nani?

Wapi? Hapa kuna kazi ya mbali na kazi ya mseto. Hapa pia kuna kazi katika biro ndogo za tawi, karibu na wanapokaa wafanyakazi. Mipango hii inabadilisha mahali. Idadi ya saa haibadiliki.

Lini? Hapa kuna saa za kunyumbulika: mfanyakazi anachagua saa ya kuingia na ya kutoka, lakini kuna saa za katikati ambapo kila mtu lazima awepo. Mpango huo ulipata sifa mwaka 1967, katika kiwanda cha ndege cha Ottobrunn, karibu na mji wa München, Ujerumani, ambako watu wengi kufika kwa saa moja kulikuwa kunaziba barabara kila asubuhi. Hapa kuna pia juma lililobanwa, ni kusema saa zote za juma zinafanywa katika siku chache zaidi. Kwa mfano, tangu sheria ya tarehe 3 Oktoba 2022, mfanyakazi wa Ubelgiji wa muda kamili anaweza kuomba kumaliza saa zake zote katika siku nne. Siku zake za kazi zinapungua, lakini kila moja inakuwa ndefu zaidi.

Kwa muda gani? Hapa kuna kazi ya nusu siku au ya siku chache za juma. Saa zinapungua, na mshahara unapungua kwa kipimo hicho. Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa Mkataba namba 175 mwaka 1994 juu ya watu wa kundi hili, ili wasinyimwe ulinzi wanaopewa wenzao wa muda kamili.

Na nani? Hapa watu wawili wanagawana kazi moja: mmoja anashika Jumatatu mpaka Jumatano adhuhuri, mwenzake anaendelea mpaka mwisho wa juma. Kubadilishana zamu, kama wauguzi wanavyofanya wao kwa wao kwa ruhusa ya mkuu wao, kuko karibu na hapo.

Basi kazi ya mseto inajibu swali la kwanza tu. Haipunguzi saa wala mshahara, na haimpi mtu uhuru wa kuanza kazi saa anayotaka. Mtu akiambiwa ana kazi ya mseto, asidhani amepewa na saa za kunyumbulika. Mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja, lakini kila moja linahitaji ruhusa yake. Ugomvi mwingi unatoka hapo: mfanyakazi anadhani amepewa uhuru wa saa, na mwajiri alitoa ruhusa ya mahali peke yake.

Yale yanayofanana nayo

Kazi ya kwenda terrain si kazi ya mseto. Mtaalamu wa kilimo anayeshinda vijijini au dereva anayepeleka dawa katika vituo vya afya hakuchaguliwa mahali pawili kwa ajili ya kurahisisha maisha yake. Kazi yenyewe ndiyo inayomtaka awe huko.

Kazi ya nyumbani ya kulipwa kwa kipande nayo ni jambo lingine. Mama anayeshona sare nyumbani kwa ajili ya mfanyabiashara na kulipwa kwa kila nguo ni mfanyakazi wa nyumbani kwa maana ya Mkataba namba 177 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1996. Mkataba huo unaweka mpaka wazi: mtu mwenye hali ya mwajiriwa hageuki kuwa mfanyakazi wa nyumbani wa namna hiyo kwa sababu tu mara kwa mara anafanya kazi yake akiwa nyumbani badala ya mahali pake pa kawaida. Mpaka huu una faida. Aliye katika kazi ya mseto anabaki mwajiriwa, na haki zake za mwajiriwa zinabaki naye.

Mwisho, siku ya ville morte si siku ya kazi ya mseto, na congé technique vilevile. Katika hali hizo mtu amezuiwa kufika kazini, na labda hana kazi ya kufanya wala mshahara wa kutegemea. Kuziita hali hizo kazi ya mseto ni kuficha hasara chini ya jina zuri.

Ilikotoka

Wazo la kufanya kazi mbali na biro lilikuwapo kabla ya intaneti. Mwaka 1973 Jack Nilles, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alitunga neno telecommuting, ni kusema kuisafirisha kazi kwa njia ya mawasiliano badala ya kumsafirisha mtu kwa gari. Yeye na wenzake walifanya utafiti na kampuni moja ya bima katika eneo la Los Angeles, ambako mafoleni yalikuwa yanakula muda wa watu. Mwaka ule ule bei ya mafuta ilipanda sana duniani, na wazo hilo likapata masikio. Lakini kompyuta zilikuwa ghali na laini za simu zilikuwa dhaifu, basi likabaki kwa wachache.

Katika Ulaya, tarehe 16 Julai 2002, vyama vya wafanyakazi na vya waajiri vilitia sahihi mapatano juu ya kazi ya mbali. Maneno mawili ya mapatano yale yangali na nguvu hata leo: kazi ya mbali ni ya hiari kwa pande zote mbili, na kwa kawaida mwajiri ndiye anayetoa vyombo vya kazi na kuvitunza.

Kisha ukaja ugonjwa wa COVID-19. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa umeenea dunia nzima. Kwetu Congo mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 10 Machi, Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya hatari tarehe 24, na tangu tarehe 6 Aprili komini ya Gombe, yenye biro nyingi za serikali na mabenki, ilifungwa. Duniani kote, waliokuwa na kazi ya kompyuta walilazimika kuifanyia nyumbani. Hiyo ilikuwa kazi ya mbali ya kulazimishwa. Hatari ilipopungua, waajiri wengi hawakutaka biro zibaki tupu, na wafanyakazi wengi hawakutaka kurudi kwenye safari za kila siku. Katikati ya matakwa hayo mawili ndipo kazi ya mseto ilipokuwa desturi.

Majaribio mawili ya Shanghai

Je, mpango huu unaharibu kazi au unaisaidia? Jibu zuri limetoka kwa kampuni moja ya China inayouza tiketi za safari na kupangisha hoteli. Wakati ule iliitwa Ctrip, leo inaitwa Trip.com. Mmoja wa waanzilishi wake, James Liang, alifanya majaribio mawili pamoja na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na watafiti wengine.

La kwanza lilianza Desemba 2010 na kudumu miezi tisa, kati ya watu wanaopokea simu za wateja. Waliojitolea walipaswa kuwa wamekaa kazini angalau miezi sita, kuwa na intaneti nzuri nyumbani, na kuwa na chumba ambacho wangeweza kufanyia kazi peke yao. Waliotimiza masharti walikuwa 249, nao wakagawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa: wa namba shufwa walifanya kazi nyumbani siku nne na kwenye biro siku moja ya juma, wa namba witiri walibaki kwenye biro siku zote. Kazi ya wale wa nyumbani iliongezeka kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka katika dakika nyingi zaidi za kazi, kwa sababu mapumziko na siku za ugonjwa zilipungua. Walioacha kampuni walipungua kwa nusu.

Lakini habari haikuishia hapo. Jaribio lilipokwisha na watu wakaachiwa kuchagua, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walirudi kwenye biro, na sababu kubwa waliyoitaja ni upweke. Tena, ukilinganisha watu wenye matokeo yaliyo sawa, wa nyumbani walipandishwa cheo mara chache zaidi. Walikuwa wanafanya kazi vizuri mbali na macho ya wakubwa, na asiyeonekana husahauliwa.

Jaribio la pili lilifanyika mwaka 2021 na 2022, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2024. Safari hii walikuwa watu 1,612 wenye elimu ya chuo kikuu: wahandisi wa kompyuta, watu wa biashara na wa hesabu. Nusu moja ilipewa kufanya kazi nyumbani Jumatano na Ijumaa, na siku tatu nyingine wakawa kwenye biro pamoja na wenzao. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, hasa kati ya wanawake, kati ya wasio wakubwa wa kazi, na kati ya wenye safari ndefu. Kwa muda wa miaka miwili iliyofuata, hapakuonekana tofauti katika alama za kazi wala katika kupandishwa vyeo. Wakubwa wenyewe walikuwa wamedhani kabla ya jaribio kwamba kazi ingepungua kwa asilimia 2.6, mwishoni waliona kwamba imeongezeka kwa asilimia 1. Kampuni ikaupanua mpango kwa wafanyakazi wengine.

Majaribio haya yakiwekwa pamoja yanafundisha kitu. Siku nne za nyumbani ziliongeza kazi, lakini ziliwaacha watu wapweke na mbali na vyeo. Siku mbili zilizopangwa, ambazo zinajulikana na wote, zilipunguza safari bila kukata kifungo cha watu na wenzao. Tena tusisahau masharti ya mwanzo: chumba na intaneti. Asiyekuwa navyo hakuingia katika jaribio la kwanza hata kidogo.

Namna za kugawa siku

Mahali pengi utakuta moja ya namna hizi tatu.

Siku zilizowekwa na mwajiri. Kila mtu wa kikundi anakuwa kwenye biro siku zile zile. Faida yake ni kwamba mikutano inafanyika ana kwa ana, na hakuna anayefika akakuta viti vitupu.

Idadi ya siku bila kutaja ni zipi. Mfanyakazi anaambiwa afike, kwa mfano, siku tatu, naye anachagua. Uhuru ni mkubwa zaidi, lakini wenzake wanaweza kumkosa wanapomhitaji.

Mapatano ya kikundi. Watu wanaofanya kazi pamoja wanapanga wao wenyewe, na mkuu wao anakubali. Inafaa kwa vikundi vidogo vyenye kuaminiana.

Yanayopaswa kuandikwa

Sheria za nchi mbalimbali haziko sawa. Uingereza, tangu tarehe 6 Aprili 2024, inampa mfanyakazi haki ya kuomba mpango wenye kunyumbulika tangu siku yake ya kwanza kazini, na mwajiri anapaswa kumaliza shauri hilo katika miezi miwili. Hiyo ni haki ya kuomba. Mwajiri anaweza kukataa kwa sababu zinazotajwa katika sheria. Ufaransa imekwenda katika mambo ya ndani zaidi: ajali inayompata mtu mahali anapofanyia kazi ya mbali, katika saa za kazi, inahesabiwa kuwa ajali ya kazi, kukataa kazi ya mbali si sababu ya kufukuzwa, na tangu tarehe 1 Januari 2017 makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi yanapaswa kujadiliana juu ya haki ya mtu kuzima vyombo vyake baada ya kazi.

Kutokana na hayo tunaweza kuona maswali ambayo karatasi ya mapatano inapaswa kujibu:

Siku zipi ni za biro, zipi ni za nyumbani, na nani anaweza kuzibadilisha?
Ni saa gani mfanyakazi anapaswa kupatikana, na ni saa gani haruhusiwi kusumbuliwa?
Nani anatoa kompyuta, na nani analipa mega za intaneti na umeme?
Kazi inapimwa kwa nini: kwa yaliyomalizika, au kwa kuonekana tu?
Habari za siri, kama majina ya wagonjwa au hesabu za fedha, zinalindwaje katika nyumba yenye watu wengi?
Mpango unajaribiwa kwa muda gani, na unavunjwaje ukishindikana?

Kwetu Congo

Sheria ya kazi ya Congo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba kazi isizidi saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Inazihesabu saa hizo tangu mtu anapojiweka chini ya mwajiri mahali pa kazi, na kwa kawaida haihesabu muda wa kwenda na kurudi. Ni hesabu iliyotungwa kwa watu wanaoonekana mahali pamoja. Siku mtu anapofanyia kazi nyumbani, karatasi ya mapatano ndiyo inayopaswa kusema saa zake zinaanza wapi na kuishia wapi. Sheria hiyo hiyo inataka mkataba wa kazi uandikwe, na mahali pa kazi ni kati ya mambo yanayotajwa ndani yake. Basi kuongeza mahali pa pili ni jambo la kuandika, na mapatano ya mdomo hayatoshi.

Gharama nazo si ndogo. Katika miji yetu ya mashariki, biro nyingi zina jenereta au mitambo ya jua. Nyumba nyingi hazina. Mwajiri akiwarudisha watu nyumbani siku mbili kwa juma, anapunguza mafuta ya jenereta yake, na mfanyakazi anaanza kununua mega na kuchaji kompyuta kwa jirani. Kwa upande mwingine, mfanyakazi anabakiza pesa ya moto na muda wa njiani. Hesabu hizo mbili ziwekwe mezani pamoja. Mpango wa haki hauhamishi gharama za biro mpaka nyumbani kwa kimya.

Tena tuwakumbuke wale ambao mpango huu hauwafikii. Muuguzi, mlinzi, mpishi wa shule na anayesafisha vyumba hawawezi kufanya kazi yao kwa kompyuta. Katika hospitali au shule moja, mhasibu akipewa siku mbili za nyumbani na mlinzi asipewe chochote, manung'uniko yatazaliwa. Dawa yake ni kurudi kwenye yale maswali manne. Asiyeweza kubadilisha mahali pengine anaweza kubadilisha saa: kubadilishana zamu kwa uhuru zaidi, kujua zamu zake mapema, au kubana juma lake. Kunyumbulika kuna matawi mengi, na kazi ya mseto ni moja tu kati yake.